Siku Pimbi Alipoacha Kutafuna

Hapo zamani za kale, na msiniulize zamani ipi kwa sababu waliokuwepo hawapo, wanyama walikaa majumbani kama sisi. Walipika, walifua, waligombana na majirani, na jioni walicheza karata. Ninyi wawili huko nyuma, acheni kusukumana. Mimi nikianza sirudii.

Kila mwaka, mvua za mwisho zikishakatika, kulikuwa na mashindano ya karata juu ya mwamba bapa, chini ya kilima kilichoitwa Jabali. Mshindi hakupewa ng'ombe wala nguo. Aliambiwa neno moja tu: chagua. Kiangazi kizima angekaa mahali alipopapenda, na aliyekuwa akikaa hapo angefunga virago. Ndiyo sheria. Mnataka kujua nani aliitunga? Waliitunga wakubwa, na wakubwa ndio waliokuwa wakishinda.

Huko juu Jabali waliishi mapimbi. Pimbi ni mnyama mdogo wa mawe, mnene, hana mkia, na wala hajawahi kuulizia ulikokwenda. Hakuna aliyeyatamani makao yao. Nani anataka mawe matupu? Mpaka siku moja Chui alipopita kwenye ufa wa jabali, akakuta humo ndani maji yametulia, baridi kama ya mtungi, na nje mto umeshaanza kukauka.

Chui akaenda sokoni, akasema mbele ya watu wote, "Mwaka huu nikishinda, nachagua Jabali."

Na Chui alikuwa akishinda kila mwaka.

Habari zikapanda mlima upesi kuliko moshi. Pimbi nje ya mawe hana maisha. Akishuka uwandani na watoto wake, Tai anashuka naye, na jioni Tai ndiye anayepanda peke yake, ameshiba.

"Tumekwisha," alisema Baba Pimbi. Alikuwa akisema hivyo kila siku, mvua ikinyesha na isiponyesha, lakini siku hiyo alikuwa na sababu.

"Hatujaisha," alisema mkewe. "Nitaingia mashindanoni."

"Wewe?"

"Mimi."

"Ucheze na Chui?"

"Na Tembo. Na Fisi pia."

"Mama watoto, una homa?"

"Sina."

"Basi jitazame! Karata ni uso. Mchezaji anatakiwa atulie kama jiwe la kusagia. Mdomo wako haujatulia tangu nikuoe!"

Hapo Baba Pimbi alisema kweli. Mapimbi wote wana tabia hiyo. Hawana kitu mdomoni, lakini taya linakwenda, nyamu-nyamu-nyamu, asubuhi mpaka jioni. Wana njaa, wanatafuna. Wameshiba, wanatafuna. Wamelala fofofo, wanatafuna. Halina maana yoyote, ni taya tu linajiendea zake.

"Na miguu je?" Baba Pimbi hakuwa amemaliza. "Wewe ukiogopa nyayo zinatoka jasho. Juzi ulipomwona nyoka uliacha madimbwi mpaka mlangoni!"

Hilo nalo ni kweli. Nyayo za pimbi hutoka jasho, ndiyo maana hawatelezi kwenye mawe.

Mama Pimbi alitafuna kidogo, akafikiri, akatafuna tena.

"Miguu nitaifunika," alisema. "Mdomo nitawaachia wautazame."

"Ili iweje?"

"Baba watoto, mshike mtoto, anachezea makaa."

Baba Pimbi akakimbilia mtoto. Aliporudi, mkewe alikuwa ameshafungua kasha na kutoa kanga mpya aliyoiweka kwa ajili ya harusi ya dada yake. Akajifunga, ikamfunika mpaka chini. Kuanzia siku hiyo alikaa pembeni peke yake, akiubana ulimi juu ya kaakaa, akijifunza kulizuia taya. Mara ya kwanza lilimshinda. Mara nyingine likatulia kidogo, kisha likaanza tena. Mpaka siku ya mashindano ilipofika, aliweza kulituliza kwa muda wa kukoroga chungu cha uji. Zaidi ya hapo, machozi yalimtoka.

Siku ikafika. Wanyama walijaa pande zote za mwamba, jua likawaka, wa!

Wa kwanza kufika alikuwa Tembo. Aliketi, mwamba ukalia, gu! Alikuwa mpole, anafikiri taratibu, mpaka wengine hupitiwa na usingizi kabla hajatoa karata moja.

Wa pili alikuwa Fisi. Alikuja na mfupa, akautafuna mpaka ulipoisha, kisha akatazama huku na huku kama kuna mwingine.

Wa tatu alikuwa Chui, kanzu nyeupe pe! na kofia ya kiua. Hakumsalimu mtu. Nyuma yake mkewe, Bi Chui, alikaa kwenye kivuli na watoto wake, sura ameikunja. Hakupenda mambo ya karata hata kidogo.

Mama Pimbi alipopanda mwambani, Fisi akaangua kicheko.

"Kwi-kwi-kwi! Shemeji! Umepotea njia? Wanaosuka ukili wako kule!"

"Sijapotea, shemeji," alisema Mama Pimbi. "Nisogezee mkia wako nikae."

Akakaa, akaitandaza kanga yake vizuri, miguu ikafichika. Fisi, ambaye hawezi kuona maandishi akanyamaza, akainama kusoma jina la kanga kwenye pindo.

"Mwenye macho haambiwi tazama," alisoma. "Kwi-kwi! Jina zuri. Nani kakununulia?"

"Nimejinunulia."

Mwamuzi alikuwa Korongo. Alisimama mguu mmoja, akaweka karata mbele yake, akakohoa.

"Sheria ni zile zile," alisema Korongo. "Kila mmoja anapata karata tatu. Tatu zilizofanana ni utatu, na utatu unashinda kila kitu. Mbili zilizofanana ni pacha. Zisizofanana kabisa ni magarasa, na mwenye magarasa amwombe Mungu. Dau ni komwe, zile mbegu za bao, mnaziweka katikati. Anayeona karata zake hazifai, anazilaza. Aliyelaza haonyeshwi za mwenzake. Haombi, halii, haulizi. Komwe zikikuishia, unatoka. Mmenisikia?"

"Tumesikia!"

Karata zikachanganywa, chakacha-chakacha, zikagawiwa.

Mwanzoni Mama Pimbi alicheza kama mtu anayechagua mchele. Taya lake linakwenda nyamu-nyamu, anaweka komwe moja, analaza. Nyamu-nyamu, anaweka, analaza. Baba Pimbi kule chini alikuwa ameshika kichwa.

Mara akagawiwa sita tatu. Utatu! Mimi simsifu kwa hilo, ni bahati, na bahati haina mwenyewe. Lakini sikilizeni alichofanya. Aliubana ulimi juu ya kaakaa. Taya likasimama. Tuli.

Fisi alikuwa na pacha, akaweka komwe nyingi kwa kishindo. Mama Pimbi akaongeza. Fisi akaongeza.

"Onyesheni," alisema Korongo.

"Pacha ya kumi!" Fisi akapiga karata chini, pwa! "Kwi-kwi-kwi!"

Mama Pimbi akafunua. Sita, sita, sita.

"Ala!" alisema Fisi, na kicheko kikamkauka.

Mzunguko uliofuata Mama Pimbi alipata magarasa. Akaliachia taya lijiendee, nyamu-nyamu-nyamu, na akaweka komwe kwa makusudi. Tembo akafikiri. Akafikiri tena. Inzi akatua, akaruka, akatua. Mwisho Tembo akasema, "Onyesha, mama." Mama Pimbi akafunua takataka zake, Tembo akakusanya komwe kwa mkonga.

"Mama watoto!" Baba Pimbi alipiga kelele kutoka chini. "Unajimaliza mwenyewe!"

Hakugeuka. Akapata pacha, akaacha kutafuna. Akapata magarasa, akatafuna. Tena na tena, mbele ya macho ya watu wote.

Aliyegundua wa kwanza ni Fisi. Alimsogelea Tembo, akanong'ona, na mnong'ono wa Fisi unasikika kijiji cha pili.

"Umeona mdomo wake? Akiwa na karata mbaya anatafuna. Akiwa na nzuri, taya linasimama! Hajui! Maskini hajui!"

"Nilikuwa nimeshaanza kuliona," alisema Tembo, jambo ambalo si kweli.

Chui alikuwa ameliona zamani, kabla ya Fisi, na alikuwa amekaa nalo kimya. Alijisifu moyoni: mimi husoma watu, wengine wanasoma kanga.

Tangu hapo, Mama Pimbi akinyamazisha taya, wote walilaza haraka haraka, hata waliokuwa na pacha. Akitafuna, walimrukia. Mama Pimbi akajifanya kushangaa. "Ninyi mnajuaje?" aliuliza. Fisi akazidi kucheka.

Lakini Fisi cheko lake lilimponza mwenyewe. Kila akipata karata nzuri, kwi-kwi-kwi! inamtoka kabla hajaziweka sawa, wenzake wanalaza. Kila akipata mbaya, ananyamaza, wanamla. Komwe zikamwisha, akatoka, akaanza kuulizia chakula.

Tembo naye alikutana na Chui. Alifikiri muda mrefu, akamwaga komwe zake zote, shaaa! Chui akafunua utatu wa nane, polepole, moja, ya pili, ya tatu. Tembo akatikisa masikio.

"Haya," alisema. "Naenda kunywa maji, kama bado yapo." Akatoka.

Wakabaki wawili.

Watazamaji wakasogea. Korongo akashusha mguu wake wa pili, ishara kwamba mambo sasa ni mazito.

"Mkibaki wawili," alisema Korongo, "mnacheza mzunguko mmoja tu. Komwe hazina kazi tena. Atakayelaza ameshindwa mashindano, anakwenda kwake salama. Lakini mmoja akitaka, anaweza kuweka nyumba yake. Akiweka nyumba, mwenzake ama aweke ya kwake, ama alaze. Na wakionyeshana, aliyeshindwa anatoka katika nyumba yake leo hii, na harudi tena. Si kiangazi tu. Milele."

"Tunaijua," alisema Chui.

Karata zikagawiwa. Chui akainua pembe za zake. Ree. Ree. Na tisa. Ree ni karata kubwa kuliko zote, na pacha ya ree haishindwi ila na utatu. Sura ya Chui haikubadilika hata unywele.

Mama Pimbi akainua zake. Mbili. Nne. Saba.

Mbili, nne, saba, watoto! Hata mimi hapa, pamoja na ubovu wa mkono wangu, sijawahi kupata uchafu kama huo siku ya siku. Aliwaza wanawe juu ya jabali. Aliwaza uwanda, na kivuli cha Tai kikipita juu ya majani. Aliogopa, aliogopa sana, na chini ya kanga nyayo zake zikaanza kutoka jasho, likatiririka, likajaa kwenye mwamba.

Akaubana ulimi juu ya kaakaa. Taya likasimama.

Kote kule mwambani macho yalikuwa kwenye kidevu kimoja.

"Hatafuni!" Fisi akapiga kelele. "Bwana Chui, hatafuni!"

"Ninaona," alisema Chui.

"Naweka nyumba," alisema Mama Pimbi.

Baba Pimbi akaanguka chali. Majirani wakamwagia maji.

Chui akamtazama Mama Pimbi. Macho ya Chui si ya kuchezea; yamewatoa wengi mbio. Mama Pimbi akayatazama vile vile. Taya tuli.

"Unajua nina karata gani, mama?" aliuliza Chui kwa sauti laini.

"Sijui, Bwana Chui."

"Nina karata nzuri sana."

"Nimefurahi kusikia. Basi weka mkuyu wako."

Mkuyu! Mkuyu wa Chui ulikuwa umeinamia mto, una matawi mapana ya kulalia na kuanikia nyama. Aliachiwa na baba yake, na baba yake aliachiwa na babu yake. Chui akanyoosha mkono kuelekea karata zake, akaurudisha.

Akawaza. Ree mbili. Kinachonishinda ni utatu tu. Utatu ni adimu. Lakini huyu alishaonyesha utatu leo, na wakati ule taya lilikuwa hivi hivi. Kila liliposimama, alikuwa na kitu. Halijawahi kudanganya hata mara moja. Na kidudu kama hiki, chenye watoto, kitawekaje nyumba kwa magarasa?

Hapo ndipo akili yake ilipoteleza. Hakujiuliza jambo moja dogo: huyu Pimbi, akishindwa vyovyote vile, si nyumba anaikosa? Anaweka kitu ambacho keshanyang'anywa. Lakini mwenye mkuyu hufikiria mkuyu.

"Weka tu!" Fisi akapayuka, yeye ambaye hakuwa na cha kupoteza. "Weka, mzee, tuone!"

"Wee!" Bi Chui akasimama kivulini, mtoto mmoja mgongoni. "Thubutu! Mkuyu ule nimezalia mimi, si karata zako! Uweke, halafu uone utalala wapi na nani!"

Watu wakaguna, "Mh!"

Jua likawaka. Taya la Mama Pimbi likaanza kuuma. Uji ungekuwa umekorogwa na kupakuliwa. Kona ya jicho lake ikaanza kulengalenga, ulimi unatetemeka kinywani, ikabaki kidogo tu taya limponyoke.

Chui akashusha pumzi.

"Mimi si mjinga," alisema. "Husoma mtu kama wengine wanavyosoma barua." Akageuza karata zake kifudifudi, pwa. "Nimelaza."

Korongo hakuchelewa. Akazoa karata za Chui, akazoa na za Mama Pimbi, akazichanganya zote na nyingine, chakacha-chakacha-chakacha.

Na taya la Mama Pimbi, jamani, lilifunguka kama mlango wa banda la mbuzi. Nyamu-nyamu-nyamu-nyamu-nyamu!

"Mshindi," alisema Korongo, "chagua."

"Nachagua kwangu," alisema Mama Pimbi. "Jabali."

Wanyama wakatazamana. Hakuna aliyewahi kuchagua kwake. Tembo, aliyekuwa amerudi kutoka mtoni, akaanza kucheka polepole, na cheko la Tembo likishaanza halina haraka ya kuisha. Baba Pimbi akainuka, akauliza, "Tumekwisha?" Akaambiwa hapana. Akaanguka tena, safari hii kwa furaha, na nadhani ndiyo mara pekee.

Mama Pimbi akasimama. Akakusanya kanga yake, akashuka, akaanza kuupanda mlima kwenda kwa wanawe.

Chui alikuwa bado amekaa. Macho yake yakatua pale mama yule alipokuwa ameketi. Juu ya mwamba mkavu, uliowaka jua tangu asubuhi, palikuwa na nyayo mbili ndogo za maji. Si unyevu wa kawaida. Madimbwi.

Chui alijua mapimbi hutoka jasho lini. Kila mwindaji anajua.

"Korongo!" alinguruma. "Korongo, njoo! Njoo uone hapa! Aliogopa! Huyu alikuwa anaogopa!"

Korongo huwa hakimbii. Alikuja hatua kwa hatua, akiinua mguu, akiushusha, akiinua wa pili. Na mwamba ulikuwa wa moto. Nyayo zikaanza kupungua pembeni, zikawa kama sarafu, zikawa kama punje. Korongo alipoinama, zilikuwa zimekwenda.

"Naona mwamba," alisema Korongo.

"Palikuwa na maji!"

"Bwana Chui, hapa hapajaona maji tangu mvua zikatike. Na hata yangekuwepo, aliyelaza haombi, halii, haulizi."

Chui akainua kichwa. Huko juu, Mama Pimbi alikuwa anaruka jiwe kwa jiwe, taya linamwendea zake, na pindo la kanga likipepea nyuma yake. Safari hii Chui aliyasoma maandishi yale yote, neno kwa neno. Kisha akavaa kofia yake, akamfuata mkewe nyumbani.

Wala msiniulize kama baadaye alilipiza kisasi, sikuwepo. Ninachojua ni kwamba mapimbi wangali wakikaa kwenye mawe mpaka leo, na wangali wakitafuna pasipo chakula.

Anayekazia macho anachoonyeshwa, anachofichwa hukipita akakiacha.